Saundi kadi ya bei nafuu yatosha kufungua studio nyumbani

Anayetaka kurekodi kwaya, nyimbo na matangazo kwa mtaji mdogo ahesabu kwanza maikrofoni atakazotumia kwa wakati mmoja, kisha ndipo aingie dukani

KWA miaka mingi, msanii wa Murang'a, Siaya au Machakos aliyetaka wimbo wake usikike alilazimika kupanda gari hadi Nairobi. Mtaa wa River Road ndio uliokuwa kitovu cha wazalishaji wa muziki na maduka ya santuri. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ni miongoni mwa waliofanya biashara hiyo mtaani humo. Nauli, malazi na malipo ya studio yalitoka mfukoni mwa msanii kabla wimbo haujaingiza hata senti moja.

Leo kazi hiyo yaweza kufanywa katika chumba kimoja kijijini, mradi kuwe na kipakatalishi, maikrofoni na kisanduku kidogo cha kuviunganisha. Wateja nao hawako mbali. Kuna kwaya za makanisa, wasanii chipukizi, wahubiri, na wenye maduka ya agroveti wanaohitaji tangazo la kuchezwa kwenye spika siku ya soko.

Hasara huanzia pale mtu anapouza ndama au kuchukua mkopo wa chama, akaenda dukani bila hesabu na kurudi na kifaa kisichofaa kazi yake. Kifaa kikubwa kupita kiasi humeza mtaji wote. Kidogo kupita kiasi humlazimu mwenyewe kununua mara mbili.

Habari njema ni kwamba anayeanza hahitaji kifaa cha bei ghali. Anachohitaji ni kujua anachonunua.

Kazi ya kisanduku hiki

Kifaa chenyewe wauzaji wengi hukiita saundi kadi. Kila kompyuta ina saundi kadi yake ndani, lakini ile imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo na kusikiliza nyimbo. Tundu lake dogo la maikrofoni mara nyingi huleta mchakato na mngurumo, na haliwezi kuendesha maikrofoni za studio.

Saundi kadi ya nje huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Hufanya kazi tatu. Kwanza, hukuza sauti hafifu itokayo kwenye maikrofoni. Pili, huigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuhifadhi. Tatu, huzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti inayosikika kwenye hedifoni au spika.

Haitii mwangwi wala kumrembesha mwimbaji asiyejua kuimba. Mapambo hayo yote hufanywa baadaye na programu ndani ya kompyuta.

Hesabu maikrofoni kwanza

Swali la kwanza kwa mnunuzi si jina la kampuni. Ni hili: je, ni maikrofoni au ala ngapi zitakazorekodiwa kwa wakati mmoja?

Neno 'kwa wakati mmoja' ndilo la kuzingatiwa. Wimbo unaweza kuwa na sauti ishirini, lakini zikarekodiwa moja baada ya nyingine. Mwimbaji huyohuyo anaweza kuimba sauti kuu, kisha akasikiliza alichoimba kwenye hedifoni huku akiimba kiitikio juu yake. Kwa kazi ya namna hiyo, tundu moja la maikrofoni latosha.

Katika kundi hili kuna Focusrite Scarlett Solo, Behringer UMC22 na M-Audio M-Track Solo. Kila kimoja kina nafasi ya maikrofoni moja na nyingine ya gita au kinanda.

Anayelenga kwaya, au mwimbaji anayepiga gita huku akiimba na kila sauti ikitakiwa iwe na maikrofoni yake, achukue chenye nafasi mbili za maikrofoni. Focusrite Scarlett 2i2, Behringer UMC202HD, PreSonus AudioBox USB 96 na Audient EVO 4 ni mifano. Maikrofoni mbili zikisimamishwa mbele ya kwaya, mita chache kutoka mstari wa kwanza, zaweza kunasa soprano, alto, tenori na besi zote kwa pamoja.

Anayetaka kurekodi ngoma za bendi nzima ikipiga pamoja ndiye pekee anayehitaji nafasi nne au nane. Mtu wa sauti moja kununua kifaa cha nafasi nane ni sawa na kununua trekta ili kulima robo ekari.

Tahadhari: nambari iliyo kwenye jina haimaanishi idadi ya maikrofoni. Focusrite Scarlett 4i4, kwa mfano, ina njia nne za kuingiza sauti, lakini mbili tu ndizo za maikrofoni. Nyingine mbili ni za vinanda na vifaa vingine vyenye sauti iliyokwisha kukuzwa. Ile ya 18i20 nayo ina nafasi nane za maikrofoni, si kumi na nane. Mnunuzi ahesabu matundu yenye mashimo matatu, yanayoitwa XLR, kwa macho yake mwenyewe.

Mambo matano ya kuangalia

La kwanza ni kitufe kilichoandikwa 48V. Maikrofoni za kondensa, ambazo hunasa sauti kwa undani, hazifanyi kazi bila umeme huo wa volti 48 unaopitia kwenye waya wa maikrofoni. Zile za dainamiki, kama Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na inayoonekana kwenye majukwaa mengi, haziuhitaji. Kisanduku kisicho na 48V humfungia mwenyewe mlango wa kutumia kondensa siku za usoni.

La pili ni kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ambacho mara nyingi huandikwa DIRECT MONITOR. Sauti ikiingia kwenye kompyuta na kurudi kwenye hedifoni huchelewa kidogo. Kompyuta ikiwekwa kwenye bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya kilohezi 48, kuchelewa huko ni milisekunde 21 wakati wa kuingia na 21 nyingine wakati wa kutoka. Ni kama kumsikiliza mpiga gita aliyesimama mita 14 kutoka ulipo. Mwimbaji hujikuta akiburuta nyuma ya mdundo. Kitufe hicho humwezesha kusikia sauti yake kabla haijaingia kwenye kompyuta, na tatizo huisha.

La tatu ni kiwango cha biti. Kisanduku kiwe cha biti 24. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kurekodi kwa sauti ya chini kiasi, akaacha nafasi kwa mwimbaji anayepaza ghafla, bila kuleta mchakato.

Maandishi makubwa ya 192kHz kwenye boksi yasimbabaishe mtu. Sikio la binadamu husikia hadi takriban hezi 20,000, na kasi ya 44.1kHz iliyotumika kwenye CD, au 48kHz inayotumika kwenye video, yatosha. Isitoshe, sauti moja ya biti 24 kwa 48kHz hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Kwa 192kHz hula karibu MB 35. Wimbo wa dakika nne wenye sauti kumi utachukua MB 346 kwa kasi ya kwanza, na zaidi ya GB 1.3 kwa ya pili. Kipakatalishi cha mitumba kitalemewa bila msikilizaji kutambua tofauti yoyote.

La nne ni draiva, yaani programu inayowezesha kompyuta kuzungumza na kisanduku. Kwenye Windows, programu za muziki hutegemea mfumo wa ASIO uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Kampuni inayotoa draiva yake yenyewe ya ASIO, na kuendelea kuirekebisha matoleo mapya ya Windows yanapotoka, humwondolea mteja maumivu mengi ya kichwa. Baadhi ya visanduku vya bei ya chini kabisa havina draiva hiyo, hivyo mwenyewe hulazimika kutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure lakini huhitaji subira.

La tano ni umeme. Visanduku vingi vidogo hupata umeme wote kupitia waya wa USB. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu, na hizo hutosha. Maana yake ni kwamba stima ikipotea katikati ya wimbo, kazi huendelea kwa betri ya kipakatalishi. Kwa anayeishi mahali pa sola, hilo si jambo dogo. Tena, mngurumo unaotokana na chaja mbovu mara nyingi hukoma chaja ikichomolewa.

Mitego iliyoko sokoni

Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, na hata mijini mashinani, mnunuzi atakutana na vifaa vinavyofanana lakini vyenye kazi tofauti.

Kuna visanduku vinavyojulikana kama V8, vyenye vitufe vya kupiga makofi, kicheko na kubadilisha sauti. Hivyo vilitengenezwa kwa wanaopiga gumzo na kuimba moja kwa moja mitandaoni kwa kutumia simu. Bei yake huvutia, lakini havifai kurekodi wimbo wa kuuzwa.

Kuna mikisa zenye tundu la USB. Mtu huona njia nane na kudhani kila moja itaingia kwenye kompyuta peke yake. Nyingi za bei ya chini huchanganya sauti zote na kuzituma kama mbili tu, kushoto na kulia. Ngoma ikizidi sauti ya mwimbaji, hakuna namna ya kuipunguza baadaye. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize ni njia ngapi zinazofika kwenye kompyuta kwa USB.

Kuna mitumba ya zamani inayotumia waya wa FireWire. Ingawa vifaa hivyo viliheshimika enzi zake, vipakatalishi vipya havina tundu hilo. Vingine draiva zake ziliachwa kushughulikiwa miaka mingi iliyopita, na havitawaka kwenye kompyuta ya kisasa hata vikiwa vizima.

Kuna pia bidhaa ghushi. Shure SM58 ni miongoni mwa maikrofoni zinazoigwa sana duniani. Inayouzwa mpya kwa robo ya bei ya kawaida ni ya kutiliwa shaka.

Na kuna mtu asiyehitaji saundi kadi kabisa. Anayekusudia kurekodi sauti ya mtu mmoja anayezungumza, kama vile matangazo na mahubiri, anaweza kununua maikrofoni ya USB inayoingia kwenye kompyuta moja kwa moja. Kikwazo chake ni kwamba ni vigumu kuongeza maikrofoni ya pili biashara inapokua.

Kugawa mtaji

Kosa kubwa ni kumaliza pesa zote kwenye kisanduku, halafu kikaunganishwa na maikrofoni duni katika chumba chenye mwangwi. Kanuni rahisi ni kwamba saundi kadi isizidi theluthi moja ya mtaji wa vifaa.

Chukulia mtu ana kompyuta tayari na Sh45,000 mkononi. Mgawo wake waweza kuwa Sh15,000 za saundi kadi, Sh12,000 za maikrofoni, Sh6,000 za hedifoni zinazofunika masikio, Sh5,000 za stendi, waya na kichujio cha pumzi, Sh4,000 za kutengeneza chumba na Sh3,000 za akiba. Huu ni mfano wa kugawa tu. Bei hutofautiana baina ya maduka na hupanda au kushuka na thamani ya dola, hivyo ni vyema kuulizia katika maduka matatu au manne. Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16.

Sasa chukulia anatoza Sh1,500 kwa wimbo, na katika kila wimbo Sh300 huenda kwa stima, bando na gharama ndogondogo. Hubaki na Sh1,200. Atarudisha Sh45,000 baada ya nyimbo 38. Akirekodi nyimbo tatu kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu hivi.

Lau angechukua mkopo na kununua kifaa cha nafasi nane, mtaji ukafika Sh105,000, angehitaji nyimbo 88, yaani miezi saba hivi, kabla ya kuhesabu riba. Mteja wa kijijini naye hataongeza bei kwa sababu kisanduku kina vitufe vingi.

Programu ya kurekodia haihitaji kumaliza pesa. Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure na yatosha kwa matangazo na nyimbo rahisi. Reaper huruhusu majaribio ya siku 60, kisha leseni ya mfanyabiashara mdogo ni dola 60. Visanduku vingi pia huja na programu nyepesi ya kuanzia. Programu zilizovunjwa kufuli zinazozungushwa kwa fleshi huja na virusi, na kazi ya mteja ikipotea, jina la studio huenda nayo.

Chumba, mabati na trei za mayai

Baada ya kisanduku na maikrofoni, adui anayebaki ni chumba. Wafugaji wa kuku wamezoea kuombwa trei za mayai na vijana wanaotaka kuzibandika ukutani ili 'kuzuia sauti'. Trei hizo hazizuii kelele za nje, na hazinyonyi sauti nzito ya besi. Kazi yake ni ndogo mno, na zikishika moto huwaka haraka.

Blanketi nzito, magodoro, magunia yaliyojazwa nguo kuukuu na mapazia mazito hufanya kazi bora zaidi kwa gharama ndogo. Chumba chenye kitanda na kabati la nguo ni bora kuliko kitupu chenye sakafu ya saruji.

Nyumba ya mabati ina tatizo lake. Mvua ikinyesha, hakuna maikrofoni itakayookoa kazi. Mwenye studio ya namna hiyo apange ratiba kulingana na msimu, na ikiwezekana aweke dari. Usiku mara nyingi huwa kimya kuliko mchana, na jogoo wa alfajiri bado hajaanza.

Jaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na kompyuta yake, waya na hedifoni, hasa akinunua mitumba. Achomeke kisanduku na kuhakikisha kompyuta imekitambua. Aunganishe maikrofoni, aongeze kirungu kilichoandikwa GAIN hadi sauti ya kuzungumza isikike vizuri, kisha arekodi nusu dakika ya kimya. Akisikiliza na kukuta mchakato mkubwa, akirudishe.

Abonyeze 48V na kujaribu maikrofoni ya kondensa. Ageuze kila kirungu taratibu, kinachokwaruza kimechakaa. Atikise waya wa USB kidogo kwenye tundu lake; muunganisho ukikatika, tundu limelegea. Mwisho, adai risiti na waranti iliyoandikwa.

Akishafika nyumbani, asikubali taa nyekundu iwake wakati wa kurekodi. Sauti iliyopasuka hairekebishiki, ilhali iliyo chini kidogo yaweza kupandishwa.

Jambo jingine ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda nyimbo, hivyo mdundo uliopakuliwa mtandaoni hauwi wa msanii kwa sababu tu ameimba juu yake. Mwenye studio na mteja waandikiane mapema ni nani mwenye wimbo, na ni nani mwenye mdundo.

Mkulima hununua jembe kulingana na shamba alilonalo, na mavuno yakiongezeka ndipo hufikiria kukodi trekta. Saundi kadi nayo ni hivyo hivyo. Kisanduku cha nafasi mbili kilichonunuliwa kwa pesa taslimu, kikafanya kazi kila wiki katika chumba kilichotulia, kitamlipa mwenyewe mapema kuliko kifaa kikubwa kinachofanya kazi ya kulipa mkopo. Siku kwaya tatu zitakapopanga foleni mlangoni, pesa za kununua kikubwa zitatoka kwenye kazi yenyewe, na ndama atakuwa bado yuko zizini.